Sungura Aliyekataa Beti Zenye Unyevu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya banda la sungura wangu, saa sita mchana, nimevaa kanzu ya Idi na kabichi mkononi. Sungura ananitazama. Ananitazama kwa jicho moja tu. La pili, anasema, analihifadhi kwa mambo muhimu.

"Jina langu si Jemadari," anasema.

Sikushtuka. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo, hata usingizini. Nilimwuliza kwa adabu kama ana jina jingine la kupendekeza.

"Jina si tatizo. Tatizo ni kwamba Jemadari ni jina la dume."

Hapa nieleze kwanza mambo ya macho, ndipo nirudi kwenye ya usingizini. Sungura huyu nilimpata Alhamisi, gulioni, kwa bwana mmoja aitwaye Shekalaghe. Alimgeuza chali, akampuliza manyoya ya chini, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Dume. Tena dume la kuogopwa." Nami nikampa jina la kuogopwa. Siku ile ile nikamjengea banda kwa mikono yangu: nguzo nne, bati moja juu, waya wa kuku pande zote na waya wa kuku chini. Shangazi yangu Mahija, aliyenilea huku milimani Lushoto tangu nilipokuwa na miaka sita, alitoka jikoni akalizunguka banda mara moja, akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwahi. Nikamwambia, "Shangazi, mimi si mtoto wa kufundishwa sungura." Akafunga mdomo, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo hakusema neno juu ya sungura, na mimi nikaona nimeshinda.

Sasa nimesimama na kabichi.

"Mimba ya sungura ni siku thelathini na moja," anasema sungura. "Leo ni ya thelathini na moja. Watoto wanakuja kabla ukungu haujapanda. Nimekuita tuzungumze watalala wapi."

"Watalala bandani."

"Wapi bandani?"

Namwonyesha sakafu. Anachukua punje ya haragwe, sijui aliitoa wapi, anaiweka juu ya waya. Punje inapita tunduni, inaanguka kwenye matope. Anachukua ya pili. Inapita. Anachukua ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, na kila moja anaisindikiza kwa jicho lake moja mpaka inapotua.

"Ninao sita," anasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia banda hili nimelijenga bila kusaidiwa na mtu.

"Inaonekana," anasema. Kisha anakaa sawa. "Tuanze na chakula. Umenipa nini siku hizi zote?"

"Kabichi."

"Na isimame iseme."

Kabichi ikasimama kiganjani mwangu, ikasafisha koo. "Mimi ni maji," ikasema. "Ni maji yaliyovaa nguo nyingi." Na ili isionekane inatoa maneno matupu, ikaanza kuvua. Ikavua jani, chini ya jani jani, chini ya jani jani. Nikaiomba isivue zote, kwamba hapa ni uani kwa watu. Haikunisikiliza. Mwishowe kiganjani mwangu kilibaki kikombe cha maji, tena si kikombe kikubwa.

"Na hewa kidogo," kikombe kikaongeza.

"Na mimi ni peremende," ikasema karoti kutoka mfukoni mwa kanzu, kabla haijaulizwa. Nikaitoa. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, imesokotwa huku na huku. "Nilimwambia, nipe kipande, nusu kidole, mara moja moja. Yeye ananitoa nzima asubuhi na nzima jioni. Mimi mwenyewe naona aibu."

"Na majani?" sungura anauliza.

Hapo nilijibu kwa sauti. Nilisema majani nimemkatia mimi mwenyewe kila alfajiri, mabichi, yana umande unaong'aa, na kwamba umande wenyewe nimeutungia shairi.

"Shangazi yako huyafanya nini majani ya sungura?"

Nilijua. Hapa milimani hakuna asiyejua. Majani ya sungura hukatwa leo, yakatandazwa yakanyauka, yakaliwa kesho. Yenye umande humjaza hewa tumboni.

"Huyanyausha," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi niliona yanapendeza."

"Basi," anasema sungura, na anaanza kujaa.

Anajaa polepole, bila malalamiko, kama mtu anayetimiza kanuni. Tumbo linakuwa kama chungu, kisha kama mtungi, kisha miguu inaacha waya. Anapanda. Anapita kwenye bati kana kwamba bati ni wazo tu. Mimi naruka, nadaka kilicho karibu, na kilicho karibu ni masikio. Tunapanda wote wawili juu ya migomba, juu ya shule, mimi nikining'inia chini yake.

Juu kidogo ya msikiti tunasimamishwa na kunguru mwenye filimbi.

"Umeshika nini hapo?"

"Sungura wangu."

"Nimeuliza umeshika nini."

"Masikio."

Kunguru akafungua daftari, akasoma: masikio si mpini. Akalifunga. Kisha akatoa mikono, kwa sababu kunguru huyu alikuwa na mikono, akanishika masikio yangu mawili, akaninyanyua juu kiasi cha hatua tatu, sungura akinining'inia mikononi.

"Unajisikiaje?"

"Najisikia sungura," nikasema.

"Vizuri. Mwenye mali atakueleza."

Sungura akanieleza kutoka chini yangu, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. "Mkono mmoja ngozi ya nyuma ya shingo. Mwingine chini ya makalio, unibebe uzito. Ndivyo ninavyobebwa. Si vigumu. Hata Shekalaghe anaweza, na yeye hajui dume na jike."

Nikafanya hivyo. Nilipompakata kwa namna ile, hewa ikamtoka taratibu, na tukashuka. Kunguru akatuandikia kitu kwenye karatasi, akaimeza.

Tulitua kwenye korido ndefu yenye mabenchi. Juu ya mlango imeandikwa IDARA YA NYASI KAVU. Mabenchi yote yamejaa nyasi. Kuna mafungu ya bingobingo, kuna ukoka, kuna majani ya viazi, yote yameketi wima, yanachuruzika, na kila fungu limeshika namba. Sakafuni maji yamefika kwenye fundo la mguu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fungu la mbele. Nikasema nahitaji nyasi kavu, kwa haraka, mzazi yuko mlangoni.

"Sisi ndio nyasi kavu," likasema fungu la bingobingo. "Ila bado hatujakauka. Tunasubiri huduma."

"Tangu lini?"

"Tangu ukungu uingie. Hii wiki ya tatu."

"Nani anahudumu?"

"Jua."

Dirishani hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza, na kiti, na kwenye kiti koti la manjano limetundikwa mgongoni.

"Hayupo," nikasema.

"Yupo," likasema bingobingo. "Si hilo koti lake."

Nikalishika koti. Lilikuwa na uvuguvugu kidogo kwenye kola, na kwingine kote baridi. Nikawauliza kama katika wiki tatu hizi kuna aliyemwona mwenye koti. Majani ya viazi yakasema yamesikia yuko Handeni, kikazi.

Sungura kifuani mwangu anakaza mwili wote, kisha anaulegeza.

"Wa kwanza anabisha hodi," anasema. "Nimwambie karibu, au nimwambie asubiri?"

"Asubiri."

Anainamia tumbo lake. "Nimemwambia. Anauliza mpaka lini."

Niliyatazama maji ya sakafuni, nikafikiria viumbe sita visivyo na hata unyoya mmoja. Hilo nilikuwa nalijua pia, maana kila mtu analijua: mtoto wa sungura huzaliwa uchi kama kidole gumba, na baridi ya mlima wetu haimsubiri mtu avae. Tayari sungura alikuwa ameanza kung'oa manyoya ya kifua chake kwa meno, tonge baada ya tonge, akiyapanga juu ya kanzu yangu.

"Manyoya ni ya mama," anasema, mdomo umejaa. "Nyasi kavu ni za mwenye nyumba. Mimi langu natimiza. Wewe lako liko wapi?"

Nikaruka dirisha.

Upande wa pili palikuwa jikoni kwa shangazi. Shangazi Mahija amekaa kwenye kigoda chake, anakoroga uji, moshi unapanda kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga ambako tunakaushia kuni na mahindi. Hakugeuka.

"Karibu, baba. Umekuja na mgeni."

"Ni sungura wangu."

"Namwona. Hujambo, mama?"

"Sijambo ya anayekwenda kuzaa," anasema sungura. "Mnaendeleaje hapa?"

"Tunakwenda. Kijana wangu anakutunza?"

"Ananitungia mashairi."

"Hata mimi," akasema shangazi. "Kuni hakati."

Walizungumza hivyo kama wake wenza waliopatana, na mimi nimesimama katikati na manyoya kwenye kanzu. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, kama shangazi ana neno lolote la kuniambia kuhusu banda.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Alhamisi. Ukaniambia wewe si mtoto wa kufundishwa. Nami neno nililotaka kusema sikulitupa, maana mimi si mtu wa kutupa vitu. Nimelifunga hapa." Akanionyesha pindo la khanga yake. Palikuwa na fundo, dogo, lenye ukubwa wa punje ya njugu. Ndani yake kitu kilikuwa kinanong'ona.

"Lifungue basi."

"Sema unataka kufundishwa."

Nikafikiri. Nikaona njia nyingine lazima ipo. Kwa mtu mwenye akili njia nyingine haikosekani.

"Nyumba hii ina kitu chochote kikavu?" sungura anauliza, hewani, bila kumwuliza mtu.

"Mimi hapa," sauti ikajibu kutoka uchagani.

Lilikuwa kopo langu la biskuti. Ndani ya kopo kuna daftari langu na kalamu, na ndani ya daftari kuna mashairi mia moja na kumi na mawili. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza redio na kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa shambani, miaka mitano. Daftari nililiweka uchagani kwa sababu ndiyo sehemu pekee katika mlima huu ambako karatasi haioti ukungu.

"Hayo ni mashairi," nikasema.

"Ni makavu?" anauliza sungura.

"Ni mashairi."

"Nimesikia. Ni makavu?"

Anakaza mwili tena. Safari hii anachelewa kuulegeza. Kopo likashuka lenyewe kwa ngazi, likafunguka, nami nikamweka sungura chini nikaketi, daftari likakaa mapajani mwangu.

"Soma," anasema. "Mimi nitapima."

Nikaanza na lile la mapenzi, nililomwandikia binti wa fundi cherehani. "Machozi yamenijaa," nikasoma. Sungura akauma kona ya ukurasa, akatafuna mara mbili, akatema.

"Lina maji."

"Ni machozi ya kisanaa."

"Yanalowesha vilevile. Lingine."

Nikasoma la umande. Lilianza kuchuruzika kabla sijafika ubeti wa pili, shangazi akasogeza sufuria kulikinga. Nikasoma lile nililomjibu Mhina wa bonde la pili, aliyesema gulioni kwamba mashairi yangu yanachechemea. Sungura aliligusa kwa pua tu, akarudi nyuma.

"Miiba," anasema. "Mtoto hana ngozi ya kulalia hili."

Ikabidi nitoe lile kubwa. Nilikuwa nimelihifadhi. Lina beti kumi na nane, nimelinakili kwa mwandiko wa kupendeza, na Jumamosi nilikuwa niende kulisoma mbele ya watu uwanjani. Nikasimama. Shairi kama lile halisomwi mtu amekaa. "Mimi simba wa milima," nikaanza.

Sungura akasikiliza beti zote kumi na nane. Kisha akaja akalikalia. Shairi likatoa sauti, ndefu, nyembamba, kama tairi la baiskeli.

"Hewa," anasema. "Litawajaza watoto tumbo."

Shangazi akainamia uji. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini nadhani ni moshi.

Nikakasirika. Nilimwambia sungura kwamba yeye mwenyewe saa moja iliyopita alikuwa juu ya msikiti kama puto, hana haki ya kuzungumzia hewa ya mtu. Nilimwambia hakuna kijana mwingine bonde zima anayeweza kutunga beti kumi na nane bila kukosa kina. Nilisema mengi. Yeye alikuwa amelala ubavu.

"Wa kwanza amefungua mlango," anasema kwa upole. "Wewe endelea kusema."

Nikafunua kurasa haraka, moja baada ya moja. Unyevu, hewa, miiba, unyevu. Sakafu ya jikoni ikajaa mashairi yaliyokataliwa. Nikafika jalada la nyuma, ambako huwa najaribia kalamu, na pale palikuwa na mistari minne ya wino wa bluu, haina kichwa. Sikukusudia kuisoma. Ilijisoma yenyewe, kwa sauti yangu:

*Nyumba si mawe na bati,*
*Wala si nguzo na miti,*
*Nyumba ni watu waloketi,*
*Na joto la kulalia.*

Uji ukaacha kuchemka ili usikie. Shangazi aligeuka kwa mara ya kwanza.

"Hilo hukunionyesha," akasema.

"Halikuwa tayari."

"Liliandikwa lini?"

"Mwaka ule ulipouza mbuzi."

Aliuza mbuzi mimi niezekewe chumba. Akarudi kukoroga.

Sungura aliuma kona ya karatasi. Akatafuna. Hakutema.

"Kavu," anasema. "Kavu kabisa. Lakini mstari wa tatu una mizani tisa."

"Hauna."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole. Nilipofika cha tisa, kidole kikajikunja chenyewe ndani ya kiganja. Nikahesabu tena kuanzia mkono wa kushoto. Kikajikunja. "Nane," nikasema.

"Vidole vyako vinakuheshimu mno. Umelibana neno la mwisho kama mtu anayefunga sanduku lililojaa, na bado ni tisa. Toa 'watu'. Useme 'walioketi', uliache neno likae lilivyo."

"Watu ndio roho ya mstari."

"Nani anaketi kwenye nyumba hii unayoizungumzia?"

"Watu."

"Na sisi?"

Nilitazama. Kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu, ya waridi, na bado alikuwa anang'oa. Alikuwa anang'oa pale ambapo hapakuwa na kitu tena. Nikajua kwamba tukiendelea kubishana juu ya mizani atajing'oa mpaka amalize, na watoto watakuja, na watapita tunduni mmoja mmoja mpaka sita.

Mstari sikuufuta. Hilo niseme wazi. Lakini karatasi niliichana kwenye daftari, kwa mkono wangu, nikamwekea mbele. Kisha nikageuka kwa shangazi. Neno lilikuwa zito kinywani kama jiwe la kusagia, ikabidi nilitoe kwa mikono miwili.

"Shangazi," nikasema. "Nifundishe."

Shangazi akafungua pindo. Maneno yakaanguka mchangani. Nilikuwa nimetarajia mengi, au makubwa. Yalikuwa machache, madogo, makavu, na yalijisema kwa zamu:

"Sanduku la nyanya."

"Ubao chini, waya usiguse mtoto."

"Maganda ya maharage, yale ya uchagani, yamekauka."

"Lisogeze gizani."

"Kisha ondoka umwache."

"Ndiyo hayo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hayo tu," akasema shangazi. "Ungeniacha Alhamisi, yangenichukua pumzi moja."

Nikapanda uchagani. Maganda ya maharage yalikuwa pale, gunia zima, mkono na nusu kutoka lilipokuwa kopo langu. Kwa miaka mitano nilikuwa nikinyoosha mkono juu yake kuchukua daftari. Nikashuka nalo. Nikachukua sanduku la nyanya, nikagongomea ubao chini yake. Nyundo, ambayo katika ndoto nyingine ingekuwa na maoni, ilinyamaza ikafanya kazi. Nikatandika karatasi yangu chini, maneno yakitazama juu, maganda juu ya karatasi, na manyoya yote niliyoyakusanya kwenye kanzu juu ya maganda. Sungura akaingia. Akajizungusha mara moja. Akaniangalia, safari hii kwa macho yote mawili.

"Ondoka," anasema.

Nikafungua mlango wa jikoni nitoke, na nje ya mlango palikuwa kitandani kwangu.

Kumepambazuka. Ukungu umejaa dirishani. Nilibaki nimelala kiasi cha kuvuta pumzi nne, nikijiambia kwamba ndoto ni ndoto na sungura wangu ni dume. Kisha nikakurupuka, nikakimbia uani miguu mitupu.

Shangazi Mahija alikuwa amechuchumaa mbele ya banda, kajitanda khanga mbili. Alikuwa anafunga mlango wa waya.

"Shangazi," nikasema. "Nifundishe."

Akanitazama kuanzia miguuni.

"Saa hizi? Nimeshamaliza." Akasimama, akishika magoti. "Nimeamka nawasha moto, nasikia kitu kinachanika. Natoka, namkuta Jemadari wako anajing'oa kifua, na waya mtupu chini yake. Nikasema nisimwamshe bwana mkubwa, atasema anajua."

Ndani ya banda, kwenye kona ya giza, palikuwa na sanduku la nyanya. Limewekwa juu ya ubao. Limejaa maganda ya maharage, na juu ya maganda rundo la manyoya ya kijivu. Rundo lilikuwa linapumua. Sungura ameketi kando, amechoka, anatafuna jani lililonyauka. Hakuniangalia.

"Wazima?" nikauliza. Sauti yangu sikuipenda.

"Wazima. Ngoja, lazima wakaguliwe, asiwepo aliyekufa katikati." Akachukua maganda, akajisugua viganja vyote viwili ili mama asisikie harufu ngeni, akafunua manyoya kidogo. "Hesabu wewe, mwenye macho ya ujana."

Walikuwa sita. Waridi, vipofu, wamelundikana kama vidole vya mkono uliofumbwa, na joto lao lilinifika usoni.

"Huyu mbona ana kitu?" akasema shangazi. Akamtoa mdogo kuliko wote, akamweka kiganjani, akamsogeza kwenye mwanga. "Ana uchafu mgongoni. Umemwaga nini humu?"

"Sijamwaga kitu."

"Ni bluu. Mimi miwani sina. Tazama wewe."

Nikatazama. Ulikuwa wino. Herufi zilikuwa ndogo, zimegeuka nyuma mbele kama za muhuri, na mwandiko ulikuwa wangu. Mtoto alivuta pumzi, zikatanuka. Akaitoa, zikarudi. Nilizisoma polepole kutoka mkiani kuelekea shingoni.

*Nyumba ni walioketi.*

"Nini?" akauliza shangazi.

"Si kitu, shangazi. Mrudishe, atapata baridi."

Akamrudisha, akawafunika. Mimi nikaweka mikono nyuma yangu, mahali asipoiona, nikahesabu mizani kwa vidole. Nikahesabu mara ya pili, kuanzia mkono wa kushoto. Kisha nikapanda uchagani kutafuta kalamu.